Chukulia Ardhi Ni Kavu

3 Februari, Jumamosi

Leo nimerudi shule, na umri wangu huu. Ni shahada ya uzamili ya uhandisi, ile ya watu walio kazini: jioni mbili kwa wiki na Jumamosi kutwa. Sote tumefika na macho mekundu na viatu vyenye vumbi la tulikotoka. Yupo wa barabara, yupo wa umeme, yupo mama mmoja wa mabomba ya maji anayesinzia huku amekaa wima kama askari wa zamu. Nilidhani niko peke yangu kutoka kiwanda chetu cha sabuni. Nageuka kuazima rula, nani yuko nyuma yangu? Kofia.

Kofia ni mhandisi mkuu wa kiwanda, bosi wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu havui helmeti yake hata akinywa chai ofisini. Darasani aliivua akaipakata kama mtoto. Ndiye anayesaini kibali changu cha kutoka kazini mapema siku za masomo, na siku akikasirika hatasaini, na bila kibali sina shule. Kwa hiyo nilimwamkia kwa heshima zote, naye akaitika bila kunitazama.

Nimerudi nyumbani nikihesabu siku anazoweza kukasirika. Mama husema nilizaliwa mwoga, kisha hunipoza kwa methali ileile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Baba watoto yeye hucheka tu.

6 Februari, Jumanne

Profesa ametupanga wawili wawili, na waliotoka sehemu moja ya kazi amewaweka pamoja. Mimi na Kofia. Sikula chakula cha jioni.

Zoezi lenyewe: tangi la maji juu ya mnara wa chuma wenye miguu minne, tafuta ukubwa wa misingi ya zege chini ya kila mguu. Maswali yote ya Profesa huanza kwa sentensi moja, naye huisoma kwa sauti kama dua: chukulia ardhi ni kavu na ngumu. Ukishachukulia hivyo, mengine ni hesabu.

8 Februari, Alhamisi

Hesabu nimefanya mimi. Kofia alikuwa amekaa pembeni anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Mwisho akasema polepole kwamba amekaa miaka mingi akisaini hesabu za watu, zake zimemkimbia, na uongozi umemwambia bila shahada hii kiti chake kitatafutiwa mwingine. Nikamwambia mchoro wangu ni mchafu, labda yeye aunakili kwa mwandiko wake mzuri. Alifurahi, akaunakili vizuri sana.

13 Februari, Jumanne

Kumi na tisa kati ya ishirini! Profesa ameandika "Vema sana" kwa wino mwekundu kwenye kona ya mchoro. Kofia amecheka, na sikujua kama ana meno mengi hivyo. Ameomba karatasi akae nayo yeye. Nikampa, nikaona ni haki yake.

19 Februari, Jumatatu

Tangi la zamani limepasuka kitako. Kiwanda hakina maji ya kutosha. Makelele matupu.

22 Februari, Alhamisi

Leo nimeona kitu.

Nilikwenda uwanja wa nyuma kumpelekea wifi yangu funguo za nyumba. Wifi ni dada yake baba watoto. Anafanya kazi ya kufungasha sabuni, na mimi ndiye niliyemwombea hiyo kazi. Pale nyuma ya ukumbi wao nikakuta mafundi wa zege wanachimba mashimo manne. Nikauliza ya nini. Wakasema mnara wa tangi jipya, Kofia ameagiza, haraka haraka. Fundi mkubwa alikuwa ameubandika mchoro kwenye ukuta, ndani ya nailoni. Nikasogea.

Ulikuwa ule wetu, nakala ya mashine. Vipimo vyangu, mishale yangu, na kwenye kona, imefifia lakini inasomeka, "Vema sana".

Mafundi wanautazama mchoro kama umeshuka na mhuri wa serikali. Mmoja akaniambia huyo aliyeuchora anajua kazi. Nikatabasamu kama mjinga.

Uwanja ule wa nyuma si ardhi. Ni shimo la zamani la majivu ya tanuri, likajazwa kifusi na udongo wa kubebwa na lori. Kila mfanyakazi mkongwe anajua. Kofia anajua. Na wakati huu wa kiangazi umekauka, ukiukanyaga kwa kisigino unagonga kama sakafu.

23 Februari, Ijumaa

Nimeingia ofisini kwa Kofia nimejikusanya. Nikatoa kama mzaha, nikasema, mzee, naona zoezi letu limepata kazi. Hakucheka. Akasema kupima udongo ni majuma, uongozi unataka maji sasa, na profesa mzima ameshaipitisha.

"Wewe unajua kuliko profesa?"

Nikasema hapana, mzee. Nikatoka. Nje nikagundua bado nimeshika kibali changu cha Jumanne ijayo, hajakisaini. Nikarudi. Akasaini. Nikasema asante.

8 Machi, Ijumaa

Tangi limepandishwa. Wamepiga picha.

11 Machi, Jumatatu

Limejazwa maji, tani hamsini, juu ya kumi na tisa kati ya ishirini. Halikutikisika. Labda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure. Jua linawaka, na mchana huu wafungashaji wamehamishia benchi lao chini ya mnara kwa sababu ya kivuli. Wifi amejinyoosha hapo kama yuko sebuleni kwake. Ananiita niende nipunge upepo. Nimesema nina kazi.

17 Machi, Jumapili

Mawingu.

19 Machi, Jumanne

Mvua ya kwanza. Imeanza Profesa akiwa ubaoni, na bati la darasa lilivyopiga kelele hakuna aliyesikia somo. Nilimgeukia Kofia bila kukusudia. Alikuwa ananitazama mimi. Sote tukageuza macho haraka, kama watu waliokutana mlango wa choo.

20 Machi, Jumatano

Nimefunga timazi kwenye boriti ya juu ya mguu wa ndani, ule ulio karibu na ukumbi: uzi, na nati nzito mwisho wake. Chini nimechora alama kwa msumari pale nati inapolenga. Mnara ukisimama sawa, nati itakaa juu ya alama. Ukiinama, itahama. Wifi aliniona akawaambia wenzake kwa sauti kwamba mke wa kaka yake ametega panya wa ghorofani.

22 Machi, Ijumaa

Mvua. Nati iko juu ya alama.

23 Machi, Jumamosi

Baada ya darasa nilimsubiri Profesa mlangoni. Nikamuuliza, tuseme, mfano tu, mtu akachukua jibu la zoezi la misingi akajenga kweli, na ardhi si kavu, ni kifusi, na mvua zimeanza. Akacheka kwa upole, akifuta chaki mikononi. Akasema alama zile alitoa kwa njia ya kukokotoa, si kwa ardhi, maana ardhi yenyewe haipo, aliitunga akiwa bafuni. Kisha akaacha kucheka.

"Kuna mtu amejenga?"

Nikasema hapana.

Nimeandika hapa nisome mwenyewe: nimeulizwa waziwazi nikasema hapana. Niliona kibali, niliona ada ambayo kiwanda kinalipa, niliona jina langu kwenye karatasi ya polisi, na mdomo ukasema hapana kabla sijauruhusu.

26 Machi, Jumanne

Mvua. Nati imehama. Kidogo, upana wa kucha. Inawezekana ni upepo.

27 Machi, Jumatano

Si upepo.

29 Machi, Ijumaa

Mvua hainyeshi sasa, inamwagwa. Wafungashaji wote wanakula chini ya tangi, maana ndipo mahali pekee pakavu uwanjani. Tangi limekuwa mwavuli. Nimewatazama kutoka dirishani, wanawake zaidi ya kumi na sahani zao, wifi katikati anasimulia jambo kwa mikono yote miwili, na juu yao maji yale yote.

Nikakimbia nikawaambia nimeona nyoka pale, mkubwa, mweusi, ameingia chini ya mguu wa mnara. Hawakubisha. Waliondoka wengine bila viatu.

2 Aprili, Jumanne

Nyoka amenisaidia siku mbili za kazi. Leo wamekuja na fimbo na chepe wakapiga kila pembe, wakamtoa chura mmoja. Wifi amemshika mguu akanifuata naye hadi ofisini.

"Wifi, nyoka wako huyu hapa. Mpe pole, ana mafua."

Ofisi nzima imecheka hadi machozi. Nimecheka na mimi. Mchana walikuwa wamerudi chini ya tangi, na benchi wamelisogeza ndani zaidi wasirushiwe matone.

4 Aprili, Alhamisi

Nimeota nati imekuwa kubwa kama kichwa. Mtihani wa katikati ya muhula ni tarehe kumi na sita, na sijafungua daftari. Baba watoto ameniuliza kama nina mimba.

9 Aprili, Jumanne

Nati imetoka kabisa nje ya alama. Nikachora alama mpya, kana kwamba alama ndiyo iliyokosea. Wahandisi tuna ujinga wetu ambao watu wengine hawana: tunaweza kupima hatari vizuri sana, kwa usahihi mkubwa, na tukaridhika kwamba tumepima.

Kofia siku hizi ananiita "mwenzangu". Anasaini kibali kabla sijaomba. Ananitisha zaidi kuliko alipokuwa mkali.

12 Aprili, Ijumaa

Nilizunguka mguu wa nje, ule wa upande wa ukuta wa uwanja, ambao kwa kawaida siendi kwa sababu ya matope. Nimekuta uzi umefungwa kwenye boriti ya juu, na boliti mwisho wake, na chini alama ya penseli kwenye zege, imechorwa kwa mkono safi. Si moja. Alama tano, moja baada ya nyingine.

Penseli iliyochongoka vizuri. Namjua mwenye penseli hiyo.

14 Aprili, Jumapili

Mchana wifi alikuja kusuka nywele za binti yangu. Nilitaka kumwambia. Nilianza, nikasema wifi, lile tangi. Akasema wacha mambo ya kazini leo, binti atulize kichwa. Nikanyamaza kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hapokei wageni. Mvua kutwa.

16 Aprili, Jumanne

Naandika asubuhi hii nyumbani kabla ya kutoka. Mtihani ni saa nane mchana, si jioni kama masomo. Mvua haijakatika tangu jana. Sitaki kwenda kazini.

17 Aprili, Jumatano

Kiwanda kimefungwa leo, kwa hiyo nina siku nzima ya kuandika ya jana, na naandika yote.

Mchana kabla ya mapumziko nilikwenda kwenye timazi yangu. Nati ilikuwa mbali na alama kwa upana wa kidole, na wakati nimechuchumaa pale, naitazama, niliiona ikienda. Sijui kama mtu asiye na kazi hii anaelewa. Kitu kilichotakiwa kisiende kabisa kilikuwa kinakwenda. Zege kuzunguka mguu ilikuwa imepasuka, na maji yanatoka kwenye ufa badala ya kuingia.

Nikasimama nikarukia koki ya kumwagia maji, ile kubwa chini ya tangi. Nilikuwa nimeshashika gurudumu lake kwa mikono miwili. Kisha nikajiuliza: yatamwagikia wapi? Palepale mguuni. Tani hamsini za maji kwenye udongo uliokwisha kuwa uji. Ningeuangusha mnara kwa mikono yangu. Nikaachia gurudumu kama limenichoma.

Ilibidi kufunga maji yanayoingia, na kuyatoa yaliyomo kwa pampu ya zimamoto, kwa mpira mrefu hadi mfereji wa barabarani. Pampu iko stoo. Ufunguo wa stoo anao mtu mmoja. Na kengele ya mapumziko ilikuwa karibu kulia, na benchi lilikuwa pale, kavu, linangoja wenyewe.

Nilimkuta Kofia kwenye maegesho anaingia garini, begi la mtihani begani. Alisema twende pamoja, tutachelewa, foleni ni mbaya. Nikamshika mkono wa shati. Sijawahi kumgusa bosi.

"Mzee, nimeuona uzi wako."

Akatulia, mlango wa gari wazi, mvua inamwingia kitini.

"Na mimi niliuona wako," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi nilikuwa nasema, kama yeye aliyepiga hesabu hajaja kuniambia, basi pengine tuko salama."

Nikamwambia na mimi nilisema hivyohivyo. Kama bosi ananyamaza, pengine anajua nisichojua. Wiki nne tulikuwa tumeegemeana, kila mmoja akidhani mwenzake ni ukuta. Nilitaka kulia, nikaona hakuna muda.

Alikimbia. Mtu mzima yule na tumbo lake, alikimbia kwenye matope hadi stoo. Pampu tuliiweka getini, mbali, tukavuta mpira. Lazima mtu aende kuufunga kwenye bomba la tangi, chini ya mnara wenyewe. Nikauchukua mimi kwa sababu bomba lile nalijua. Akanizuia, akavua helmeti yake akanivisha, akakaza mkanda chini ya kidevu changu. Kichwa chake ni kipara chekundu chenye mstari wa kofia, na mvua ikakipiga. Hata mimi niliona aibu kukitazama.

Nilifunga mpira meno yakigongana. Sidanganyi.

Kengele ikalia nikiwa bado pale. Wakatoka ukumbini na sahani zao, wifi mbele. Nikapiga kelele warudi. Wifi akacheka akauliza, leo ni mamba? Wenzake wakacheka. Na wakawa wanakuja.

Nikamwendea nikasimama karibu yake sana, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, hilo tangi nilipiga hesabu yake mimi, na nilikosea. Linaanguka."

Alinitazama. Sijui aliona nini, pengine meno yangu. Aligeuka akawaambia wenzake neno moja tu: tokeni. Wakatoka wote hadi barabarani, kwenye mvua, na chakula kikalowa.

Pampu ilinguruma. Maji yakaenda mferejini. Kofia alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, na mimi nikajua anapiga hesabu ya mzigo uliobaki, na kwamba anaipiga sawasawa. Maji yalikuwa hayajafika nusu ya tangi, ndipo mguu wa ndani ukazama. Haukutoa sauti kubwa. Ulikwenda chini tu, mara moja, na mnara wote ukainama ukaegemea ukuta wa ukumbi, ukuta ukakubali, na matofali yakashuka. Tangi lilibaki limening'inia kwa pembe, linatiririka.

Benchi halikuonekana. Matofali yalikuwa yamelifunika lote.

Barabarani wifi alikuwa bado ameshika sahani iliyojaa maji ya mvua. Kisha akaimwaga taratibu, akaja akanishika mkono.

Meneja alikuja anapiga kelele nani alichora. Kofia akasema, mchoro ni wangu. Ulikuwa mwandiko wake kweli. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na helmeti yake kichwani, na sikusema.

18 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda kwa meneja nikasema hesabu ni zangu. Niliisema nikitazama zulia lake. Kisha nikaenda chuoni nikamwambia Profesa kwamba siku ile aliponiuliza kama kuna mtu amejenga, jibu lilikuwa ndiyo. Profesa alikaa kwenye ngazi, pale pale nje.

24 Aprili, Jumatano

Kofia ameondolewa kiti. Atakuwa mhandisi wa kawaida, chini ya mtu watakayemleta. Mimi nimepewa onyo, na ada ya muhula ujao nijilipie. Nilitegemea mabaya zaidi, na bado naamka nikiyategemea.

4 Mei, Jumamosi

Tumefanya mtihani tulioukosa, sisi wawili peke yetu darasani. Kofia amekuja bila helmeti, maana bado iko kwangu. Nilimletea, akasema niivae kwanza, atasema akiitaka. Profesa aligawa karatasi. Swali la kwanza lilianza vilevile: chukulia ardhi ni kavu na ngumu.

Kofia akanyoosha mkono. Profesa akamtazama, akaitazama karatasi yake mwenyewe, akasogea akaikata sentensi ile kwa wino mwekundu kwenye karatasi zetu zote mbili. Akasema andikeni kwanza mtakavyoipima. Nimeandika ukurasa mzima kabla ya kufika kwenye hesabu. Sijui nimepata ngapi.

6 Mei, Jumatatu

Kiwanda kimefunguliwa. Wafungashaji wamejengewa banda la mabati upande wa getini, la kulia chakula mvua zikinyesha. Mchana niliona wamesimama nje yake wote, sahani mkononi, mvua inawanyeshea, hawaingii. Nikaenda kuuliza kuna nini.

Wifi akasema, bila mzaha hata kidogo, "Tunakungoja wewe. Hapa pakoje?"

Nikatazama juu, nikatazama chini. Nikawaambia wangoje kidogo, nikaenda kuchukua timazi na chepe.